Dada hakunywa, alinyonyesha, akaugua: mimi nibadili nini?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, nauza vitenge na madera sokoni Masasi. Dada yangu wa tumbo moja, mwenye miaka 46, anayeishi kwetu Newala, amegundulika kuwa na saratani ya titi na sasa yuko kwenye matibabu Dar es Salaam. Dada hajawahi kuonja pombe, amenyonyesha watoto watano, kila mmoja karibu miaka miwili, na shambani huingia alfajiri. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti kutwa, nimenenepa, Jumamosi nakunywa bia mbili tatu na msimu wa mabibo ya mkorosho uraka, pombe inayotokana nayo, haunipiti. Mtoto wangu wa mwisho ana miezi 10 na nimeanza kumwachisha ziwa kwa sababu ya biashara, na natumia sindano ya uzazi wa mpango. Kila mtu ananiambia nibadili mtindo wa maisha. Kama dada aliyeishi vizuri ameugua, mimi nibadili nini, na itanisaidia nini? Wengine wanasema niache kuweka simu na pesa kwenye sidiria. Ni kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa yaliyompata dada. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, moja lako na jingine la dada yako, na nisipoanza na la dada, kila nitakachokushauri wewe kitasomeka kama hukumu juu yake.

Dada hakukosea mahali. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, takriban nusu ya saratani za titi huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachofahamika, zaidi ya kuwa ni wanawake na kwamba wamevuka umri wa miaka 40. Seli za titi hujigawa mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi zikiitikia homoni, na katika kujigawa huko makosa hutokea. Mengi mwili huyasahihisha, machache hupita. Sehemu ndogo ya wagonjwa, kati ya asilimia 5 na 10, huugua kutokana na hitilafu katika jeni walizorithi, hasa zile zinazoitwa BRCA1 na BRCA2, ambazo mtu hupewa na baba au mama kabla hajazaliwa. Kwa hiyo akija mtu kumjulia hali mgonjwa, kisha akaanza kuhoji alikula nini, alimuudhi nani au aliacha desturi gani, umwombe kwa heshima anyamaze. Maneno ya namna hiyo nimeyaona yakimfanya mgonjwa afiche uvimbe wa pili kwa aibu ya ule wa kwanza.

Sasa kuhusu faida ya kubadilika. Umezaliwa Newala, kwa hiyo mkorosho unaujua kuliko mimi. Mikorosho inapotoa maua, mkulima hupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, na anajua kwamba hata akipulizia kwa wakati na kwa kipimo, hakosekani mti mmoja ambao maua yake yatashikwa na ule unga mweupe na kunyauka bila kufunga. Hata hivyo, sijasikia mkulima akisema kwa ajili ya mti ule mmoja kwamba salfa haina maana, kwa sababu yeye hulitazama shamba zima na magunia anayopeleka ghalani. Najua utanijibu kwamba wewe si shamba, wewe ni mti mmoja, na umesema kweli. Hapo ndipo elimu hii inapokuwa ngumu kuipokea: hakuna daktari atakayekuja kukuambia siku moja kwamba hukuugua kwa sababu ulitembea kwa miguu. Utakachokuwa nacho ni uwezekano uliopungua, na uwezekano uliopungua haukuhakikishii kitu, lakini unastahili kutafutwa.

Tena maisha ya dada yako ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi shamba linavyonusurika. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchambuzi uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake zaidi ya 50,000 waliougua saratani ya titi na karibu 97,000 wasiougua. Ilionekana kwamba kwa kila miezi 12 ambayo mwanamke amenyonyesha katika maisha yake, ukijumlisha watoto wote, uwezekano wake wa kuugua hupungua kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 inayopungua kwa kila uzazi. Wachambuzi hao walikadiria kwamba kama wanawake wa nchi tajiri wangezaa na kunyonyesha kama walivyofanya mama zetu, basi kati ya kila wanawake 100, wanaougua kabla ya kufika miaka 70 wangepungua kutoka 6.3 hadi 2.7. Dada yako yumo katika kundi lile la wachache waliobaki, na ndiyo maana ugonjwa wake umewashangaza ninyi nyote. Wale ambao kunyonyesha kuliwakinga hawajijui, na hakuna anayewatembelea kuwapa pole.

Kutokana na hayo, ombi langu la kwanza ni kwamba usimwachishe mtoto sasa. Ushauri unaofuatwa katika kliniki zetu ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi mtoto atimize miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 10 anakula uji na ugali laini mchana, kwa hiyo biashara haikulazimishi kumkatiza ziwa: mnyonyeshe kabla hujatoka alfajiri, mpokee na ziwa unaporudi jioni, na usiku alale nalo akitaka. Matiti yataizoea ratiba hiyo ndani ya siku chache. Hata kama uwezekano wako ungepungua kwa kiasi kidogo tu, mtoto mwenyewe atafaidika mara moja, na sioni sababu ya kuiacha faida hiyo. Nisieleweke kwamba nawalaumu kina mama ambao maziwa hayakutoka au ambao maradhi yaliwazuia kunyonyesha, wala simshauri mtu aongeze mtoto kwa ajili ya kukwepa saratani.

Kwenye pombe nitakawia, kwa sababu ndiyo tabia ambayo watu wa kwetu hawaihusishi kabisa na titi. Ukitaja ini, kila mtu anakubali. Ukitaja titi, wanadhani daktari ameanza mahubiri. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vinywaji vya pombe katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani mwaka 1988, na mwaka 2007 kamati yake ilikubali kwamba saratani ya titi ni mojawapo. Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kemikali iitwayo asetaldehidi, ambayo huharibu vinasaba vya seli. Zaidi ya hapo, huongeza kiwango cha estrojeni katika damu, na estrojeni ndiyo homoni inayozihimiza seli za titi kujigawa. Aina ya kinywaji haibadilishi kitu. Bia, mvinyo, uraka na nipa, ile pombe kali ya kukeneka, vyote vina kitu kilekile, isipokuwa nipa inacho kwa wingi zaidi.

Tupige hesabu yako. Bia ya chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 hubeba takriban gramu 20 za pombe halisi. Uchambuzi mwingine mkubwa wa mwaka 2002, uliofanywa kwa wanawake wa nchi tajiri, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wasiokunywa kabisa, 8.8 wataugua saratani ya titi kabla ya umri wa miaka 80, na kwamba idadi hiyo hufika 10.1 kwa wanaokunywa wastani wa gramu 20 kila siku, yaani chupa moja ya bia kila jioni. Kwa hiyo bia zako mbili tatu za Jumamosi, ukizigawa kwa siku saba, ni wastani wa chini ya gramu 10 kwa siku, na ongezeko lake ni dogo. Nisingekuwa mkweli kama ningekutisha kwa hizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni msimu. Kuanzia Oktoba, mabibo yanapozagaa chini ya mikorosho, mama mmoja anakamua, mwingine anachuja kwa kitambaa, na kufikia jioni ya pili ndoo imefunikwa kwa sinia na povu limepanda hadi ukingoni. Kikombe cha plastiki kinazungushwa, kinywaji ni kitamu na cha bei nafuu, na hakuna hata mmoja pale barazani anayejua kikombe hicho kina kilevi kiasi gani, kwa sababu uraka wa jana na uraka wa juzi haulingani nguvu. Mtu anayejihesabu kuwa mnywaji wa Jumamosi anajikuta anakunywa kila jioni kwa miezi miwili au mitatu. Ukiweza kuacha pombe kabisa, ndilo lililo bora, maana Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Ukishindwa, anza na huo msimu: kunywa juisi ya mabibo ikiwa mbichi, siku ileile ya kukamuliwa, kabla haijachacha.

Kuhusu unene, natambua kwamba nazungumzia jambo ambalo kwetu ni sifa. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, mawifi husema amenawiri, na akipungua huulizwa kama nyumbani kuna amani. Lakini mafuta ya mwili hayakai tu kama mzigo ghalani. Mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, ovari huacha kutengeneza estrojeni, na kuanzia hapo mafuta ndiyo yanayochukua kazi hiyo. Kadiri yalivyo mengi, ndivyo titi linavyoendelea kupokea homoni katika umri ambao lilipaswa kupumzika. Kabla ya ukomo wa hedhi uhusiano huu hauonekani kwa namna hiyo, na kwa umri wako mtu angeweza kukuambia usijali. Mimi nakwambia ujali sasa, kwa sababu kilo zinazoingia katika miaka ya thelathini na arobaini ni nadra kutoka zenyewe, na ndizo utakazoingia nazo katika miaka ya hamsini.

Pale unapouza vitenge hakosekani fundi cherehani jirani. Mwombe futi yake, uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu, juu ya ngozi na si juu ya dera, ukiwa umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 80 ni dalili kwamba hatari ya maradhi yatokanayo na unene imeanza kupanda, na zaidi ya 88 imepanda sana. Andika namba hiyo nyuma ya daftari la mauzo pamoja na tarehe, upime tena baada ya miezi mitatu. Mizani ya mitaani hudanganya. Futi ya fundi ni vigumu kuidanganya.

Chakula hakihitaji maelezo marefu kama watu wanavyotarajia. Ukiniuliza ni mboga gani inayozuia saratani ya titi, jibu ni kwamba hakuna mboga moja yenye uwezo huo, na anayekuuzia unga wa majani kwa ahadi hiyo anachukua pesa zako. Faida ya chakula hupitia kwenye uzito. Na katika hilo, chakula tulichokikuta kwa bibi zetu, ugali na kisamvu au mlenda, mbaazi, kunde na choroko, samaki wa kuchoma, ming'oko inapopatikana, kinakufaa kuliko cha sokoni, ambapo saa nne asubuhi unaletewa chapati mbili zilizolowa mafuta na chai ya vijiko vitatu vya sukari, mchana chipsi, na soda ya kuteremshia. Korosho kula bila hofu, kiasi cha kiganja kimoja, kwa kuwa zina mafuta mengi ingawa ni mafuta mazuri.

Kutembea, kwa upande mwingine, kuna ushahidi wake wenyewe. Wanawake wanaoushughulisha mwili huugua saratani ya titi kwa uchache kuliko wanaokaa, na tofauti hiyo hubaki hata pale uzito usipopungua, kwa sababu misuli inayofanya kazi hushusha kiwango cha insulini na cha homoni nyingine zinazozihimiza seli kujigawa. Kiasi kinachoshauriwa ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao ukiwa ndani yake unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Dada yako akiwa na jembe shambani anavuka kiasi hicho kabla ya jua kuwa kali. Wewe huna shamba Masasi, lakini una safari ya kwenda na kurudi sokoni ambayo umeikabidhi kwa bodaboda. Ikiwa ni ya nusu saa kwa miguu, ukiitembea asubuhi pekee siku tano, dakika 150 zimetimia, na nauli ya siku hizo imebaki mfukoni. Ukiwa dukani, usiagize mtoto akushushie majora. Simama uyashushe mwenyewe.

Sindano ya uzazi wa mpango usiiache kwa woga. Njia za homoni zina ongezeko dogo la uwezekano wa saratani ya titi wakati mwanamke anazitumia, na hupungua baada ya kuacha. Utafiti mkubwa wa Denmaki wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba ongezeko hilo ni mgonjwa mmoja zaidi kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia njia hizo kwa mwaka mmoja. Mimba isiyotarajiwa nayo ina hatari zake, na hapa kwetu hatari hizo si za kufikirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haumzuii mwanamke kutumia njia za homoni kwa sababu tu ndugu yake ana saratani ya titi. Anayezuiwa ni yule aliyeugua mwenyewe. Hata hivyo, ikiwa moyo hautulii, muulize muuguzi wa kliniki kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, na ubadilishe njia bila kuacha pengo katikati.

Sigara hukuitaja, nami nitachukulia kwamba huvuti. Endelea hivyo, na wanaovuta barazani wakae mbali nawe.

Simu na pesa kwenye sidiria hazisababishi saratani. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba, na noti zina uchafu tu. Sidiria yenyewe ilichunguzwa Seattle, Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, na haikuonekana kuwa na uhusiano wowote na ugonjwa huu, iwe ya waya au isiyo na waya, iwe imevaliwa saa chache au kutwa. Kugongwa titi pia hakuleti saratani, ingawa mara nyingi mtu hugongwa, akajishika, ndipo akautambua uvimbe uliokuwapo tangu zamani.

Nimeeleza tabia kwa urefu kwa kuwa ndizo ulizoziuliza, lakini kwako wewe tabia peke yake hazitoshi. Mwanamke ambaye dada au mama yake ameugua ana uwezekano wa takriban mara mbili ya mwingine, hasa mgonjwa akiwa aligundulika kabla ya miaka 50, kama ilivyo kwa dada yako. Ndugu wa karibu wengi hawaugui kamwe, na usilale ukidhani zamu yako inakuja. Ila madaktari wengi hushauri ndugu wa mgonjwa aanze kuchunguzwa karibu miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika. Toa 10 kwenye 46, unapata 36, nawe una 38.

Kwa hiyo nenda kapimwe matiti kwa mkono wa mtaalamu, iwe Hospitali ya Mkomaindo hapo Masasi au Ndanda, na useme tangu mlangoni kwamba dada yako anaugua, maana maelezo hayo hubadilisha jinsi utakavyopimwa na vipimo utakavyoelekezwa. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Waliokuwa wakipimwa matiti na wahudumu wa afya waliofunzwa waligundulika mapema zaidi, na kwa waliovuka miaka 50 vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu theluthi moja. Hizo ni faida za vidole vilivyofunzwa, kabla hata ya kufika kwenye mashine. Kwa sasa unanyonyesha, na titi lenye maziwa huwa na vinundu vinavyokuja na kupotea; hilo lisikufanye uahirishe, wala lisikufanye ukubali kuambiwa kwamba kila uvimbe ni maziwa. Uvimbe usioondoka baada ya wiki mbili, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kwenye chuchu, tezi ngumu kwapani: kwa lolote kati ya haya nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usianze na mganga kwanza, kwa sababu miezi inayopotea huko hairudishwi.

Kabla hujaenda, fanya mambo mawili kwa simu. Muulize mama, na mashangazi wa upande wa baba vilevile, kama kuna yeyote katika ukoo aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya ovari, na alikuwa na umri gani, kwa kuwa jeni hizi hurithiwa kutoka pande zote mbili. Kisha mwombe dada, akiwa na nafasi na nguvu, akupigie picha karatasi ya majibu ya kinyama alichotolewa kwenye titi. Kwenye karatasi hiyo huandikwa aina ya saratani na kama inaitikia homoni au la. Ihifadhi kwenye simu yako, na umwonyeshe daktari atakayekupima.